Kuna kaburi Florence la mgunduzi wa miwani, na mgunduzi mwenyewe hakuwepo

Ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore pale Florence, Italia, kuna kumbukumbu ya mtu anaitwa Salvino degli Armati. Maandishi yake ya Kiitaliano cha zamani yanasema hivi: hapa amelala Salvino wa Armato, wa ukoo wa Armati wa Florence, mgunduzi wa miwani, Mungu amsamehe dhambi zake, mwaka wa Bwana 1317. Mtu akisoma pale anaamini tu, nani atabishana na kaburi. Jina hili limepita kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 300 na hata saivi ukiuliza mtandaoni nani aligundua miwani kuna sehemu utaletewa Salvino bila wasiwasi wowote. Stori hii ni ya uongo, na si uongo wa bahati mbaya, kuna mtu aliukalia chini akautunga, kisha ukapita mikono mingi mpaka ukachongwa kwenye jiwe. Nataka niieleze yote maana naona inamgusa kila anayependa historia ya miwani na zaidi yule anayesimamia makumbusho ya vitu hivi, ambaye ndo anaandika kile kikaratasi kidogo chini ya kabati la kioo na watu wanakisoma kama hukumu.

Kwanza tuelewane kinachogombewa ni nini. Miwani ya kwanza ilikuwa ya kusomea, ya watu wazima. Ukishapita arobaini, lenzi ya ndani ya jicho inaanza kukakamaa, haijikunji tena kirahisi kuangalia vitu vya karibu, herufi zinaanza kuchezacheza, unasogeza karatasi mbali mpaka mkono unaisha. Kabla ya miwani hapo ndo ilikuwa mwisho wa kazi za mikono na za kalamu: mwandishi wa vitabu, sonara, fundi cherehani wa enzi ile aliyekuwa anashona kwa mkono, wote wanapoteza macho ya karibu wakati ujuzi wao ndo umefika juu kabisa. Lenzi nene katikati na nyembamba pembeni inaukunja mwanga kidogo kabla haujaingia jichoni, basi, inaisha. Na msidhani ni jambo dogo la zamani, mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai 751 wa Assam, India, wote wa miaka 40 kwenda juu, kundi moja wakapewa miwani ya karibu mapema na lingine likasubiri, waliopewa wakawazidi wenzao uzalishaji kwa karibu asilimia 22. Miwani ile ile ya bei rahisi. Sasa fikiria mtu wa kwanza kabisa kuitengeneza alikuwa ameshika nini mkononi, na kwa nini angetaka kukificha.

Maana alikificha, hilo tunalijua, na hapa ndo ushahidi wa kweli unapoanza.

Jumatano ya tarehe 23 Februari 1306 mtawa wa Kidominiko, shirika la Kikatoliki la wahubiri, anaitwa Fra (yani ndugu) Giordano da Pisa alikuwa anahubiri Florence, kwenye kanisa la Santa Maria Novella. Mahubiri yake yaliandikwa na wasikilizaji waliokuwa wanamfuata, ndo maana tunayo mpaka leo. Akasema, bado haijafika miaka ishirini tangu ipatikane sanaa ya kutengeneza miwani inayofanya watu waone vizuri, ni moja ya sanaa nzuri na za lazima kuliko nyingi duniani, tena ni mpya, haikuwahi kuwepo. Alafu akaongeza maneno ambayo kwangu ndo ya thamani kuliko yote: nilimwona yule aliyeivumbua na kuitengeneza kwanza, na nikaongea naye.

Ona alivyosema. Anamjua mtu. Amemwona kwa macho, ameongea naye, na anawaambia watu hadharani. Jina hakulitaja. Labda alilitaja na mwandishi hakulinasa, labda aliona si la muhimu kwa mahubiri, mi sijui na sitaki kubuni. Kuhusu tarehe kuna kitu cha kuangalia, Florence ya wakati ule mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo kwenye maandishi yao ile Februari bado ni 1305, ukihesabu kwa kalenda yetu ni 1306. Toa miaka ishirini isiyotimia unapata 1286 au baada yake kidogo. Huo ndo mwaka unaouona kwenye vitabu vizuri, umetoka kwenye sentensi moja ya mahubiri.

Ushahidi wa pili uko Pisa. Nyumba ya watawa Wadominiko ya Santa Caterina, ambako Giordano mwenyewe ndo alikotokea, walikuwa na kitabu cha kumbukumbu cha ndugu zao waliofariki. Mmoja ni Fra Alessandro della Spina, aliyekufa 1313. Wanasema alikuwa mtu mnyenyekevu na mwema, na kitu chochote alichokiona au kusikia kimetengenezwa na mtu, yeye naye alijua kukitengeneza. Miwani, wanasema, ilikuwa imetengenezwa kwanza na mtu fulani ambaye hakutaka kumweleza mwingine, Alessandro akaitengeneza mwenyewe, akawagawia watu wote ule ujuzi kwa moyo wa furaha na wa kupenda.

Hizi karatasi mbili zikikaa pamoja kisa kinajieleza. Kuna fundi, hana jina, aligundua na akafunga mdomo kwa sababu ilikuwa riziki yake. Kuna mtawa, ana jina, aliona kitu kikamwingia akilini, akakirudia kwa mikono yake na akakitoa bure. Watawa wale walipoandika kumbukumbu ya ndugu yao wangeweza kabisa kumpa sifa yote, waliojua ukweli walishakufa, nani angejua. Hawakufanya hivyo. Waliandika wazi kwamba wa kwanza alikuwa mtu mwingine, na kwa sababu hiyo mimi nawaamini. Ushahidi unaompunguzia sifa mtu wako mwenyewe una uzito wa pekee.

Na kasi ya kusambaa inakubaliana nao. Mwaka 1300 chama cha mafundi wa kristali, yani jiwe angavu la asili, cha Venice kinaweka kanuni za kuzuia watu kuuza kioo cha kawaida kama ni kristali, na kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kughushiwa kuna diski za macho na mawe ya kusomea, yani vipande vya kukuza herufi. Mwaka unaofuata, 1301, wanaruhusu kutengeneza vioo vya macho vya kusomea, ilimradi fundi aviuze kwa jina la kioo. Yani miaka isiyozidi kumi na tano kutoka kuvumbuliwa, kitu kishakuwa biashara yenye ujanja wake na sheria zake.

Sasa tuhamie karne ya 17, na hapa kisa kinageuka.

Mwaka 1678 Francesco Redi, daktari wa familia ya Medici iliyotawala Florence, mtu msomi na maarufu kweli kweli, alichapisha barua kuhusu uvumbuzi wa miwani, na humo Fra Alessandro wa Pisa anapewa heshima kubwa. Redi alidai pia kwamba ana maandishi ya mwaka 1299 ambamo mzee mmoja anasema bila vioo vinavyoitwa miwani hawezi kusoma wala kuandika. Maandishi hayo hayajapatikana mpaka leo, na wanahistoria wengi wanayatilia shaka. Kwa hiyo hata upande huu si msafi wote.

Miaka sita baadaye, 1684, anatokea Ferdinando Leopoldo del Migliore, mpenda mambo ya kale wa Florence, na kitabu cha kuusifia mji wake. Humo anasema Pisa hawana lao, mgunduzi ni mtu wa Florence, jina lake Salvino degli Armati, na kaburi lake lilikuwa Santa Maria Maggiore. Liko wapi hilo kaburi? Anasema lilipotea kanisa lilipokarabatiwa. Sasa yeye amejuaje? Anasema anayo rejista ya zamani ya makaburi ambayo ilinakili yale maandishi. Rejista iko wapi? Anayo yeye. Hakumwonyesha mtu, na baada yake hakuna aliyeiona.

Hapo ndo penye kisa chote. Ushahidi wote umesimama juu ya kitu kilichopotea, kinachothibitishwa na kitu ambacho mtu mmoja tu amekiona, na huyo mtu mmoja ndo mwenye maslahi na jibu. Mtu akikuletea hati ya kiwanja namna hiyo huwezi kutoa hela. Lakini kwenye historia watu walitoa, na walitoa haraka, kwa sababu jina lilikuwa limejaza tundu lililokuwa linawasumbua. Giordano alisema nilimwona, hakusema nani. Del Migliore akawaambia nani. Na akalichagua vizuri tarehe lake, 1317, ambalo linakaa sawasawa na maneno ya mahubiri, mtu aliyegundua miaka ya 1280 anaweza kabisa kufa 1317. Mtungaji alikuwa ameshasoma ushahidi wa kweli na akakata kitambaa cha uongo kwa vipimo vyake.

Baada ya hapo kazi ilifanywa na wengine ambao naamini walikuwa wanaamini. Mwaka 1738 Domenico Maria Manni, msomi wa Florence, akaandika kitabu kizima kuhusu miwani ya pua iliyogunduliwa na Salvino Armati bwana wa Florence, ndo neno la Del Migliore likapata nguvu ya kitabu cha kitaalamu, na kila aliyekuja baadaye akamnukuu Manni badala ya kurudi kuuliza ile rejista iko wapi. Karne ya 19 mji ukaweka kumbukumbu yenye yale maandishi, yakaonekana kama yametoka 1317 wakati yametoka kwenye ukurasa wa 1684. Hatua hii ndo naiona ya hatari kuliko zote. Kitabu kinaweza kupingwa na kitabu, lakini maneno yakishachongwa ndani ya kanisa mgeni hana namna ya kujua kwamba jiwe ni changa kuliko stori yake kwa karne nyingi.

Uongo ulivunjwa 1920. Isidoro del Lungo, mwanahistoria wa Florence hiyo hiyo, tena mtu aliyeupenda mji wake sana, aliandika kwenye jarida la historia la Italia makala ndefu akafuata kila uzi wa kisa mpaka mwisho: kaburi hamna, rejista hamna, ukoo wa Armati ukiuchunguza kwenye nyaraka haukupi huyo mgunduzi, na lugha ya yale maandishi yenyewe inanuka karne za baadaye, watu wa mwanzo wa karne ya 14 hawakuandika hivyo kwenye makaburi yao. Mwaka 1956 Edward Rosen, Mmarekani, akarudia faili lote kwa Kiingereza, la Redi na la Del Migliore, na tangu hapo kwa wanaojua hakuna mjadala. Heshima yangu kubwa iko kwa Del Lungo. Ilikuwa rahisi kwake kunyamaza, Florence ilikuwa inafaidika na Salvino na hamna mtu alikuwa analalamika.

Kinachoniuma ni kwamba Florence haikuhitaji uongo huu hata kidogo. Mwanahistoria Vincent Ilardi alikuwa anapekua barua za kidiplomasia za watawala wa Milan, na mwaka 1976 akachapisha alichokikuta. Barua ya tarehe 21 Oktoba 1462, mtawala Francesco Sforza anamwandikia balozi wake aliyeko Florence amnunulie miwani dazeni tatu, dazeni moja ya kuona mbali, yani ya vijana, dazeni moja ya karibu, ya wazee, na dazeni moja ya macho ya kawaida. Sababu anaitaja mwenyewe, wengi kwenye ikulu yake wanaitaka na inasemekana ya Florence ndo bora kuliko ya sehemu nyingine yoyote ya Italia. Miaka minne baadaye mwanawe, Galeazzo Maria, akaagiza 200.

Barua ile inasema mambo mawili makubwa. Moja, kufikia katikati ya karne ya 15 mafundi wa Florence walikuwa wanatengeneza pia lenzi zilizobonyea katikati, za mtu asiyeona mbali, ambazo ni ngumu zaidi kuzisaga, na watu wengi walidhani zilikuja baadaye sana. Mbili, miwani ilikuwa bidhaa ya dazeni, inaagizwa kwa barua kama kitu cha dukani. Hiyo ndo sifa halisi ya Florence, mafundi waliochukua kitu cha watu wengine na kukifanya vizuri kuliko wote. Sifa hii ililala kwenye makabati ya nyaraka miaka 500 wakati mji unaimba jina la mtu wa kutungwa. Kila mara uongo unapokaa mahali pa ukweli kuna mtu wa kweli anayekosa nafasi, na hapa waliokosa ni wale mafundi wa 1462 na Fra Alessandro wa Pisa.

Kwetu tuna namna yetu ya kosa hili hili, bora niliseme. Kuna ujumbe unazunguka kwamba Ibn al-Haytham, msomi wa Kiislamu wa sayansi ya mwanga, ndo aligundua miwani. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, akafanya kazi kubwa Cairo, akafariki karibu na 1040, na Kitab al-Manazir yake, yani kitabu cha mwanga na kuona, ilieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni, ikatafsiriwa Kilatini karibu na 1200 na wasomi wa Ulaya wakaisoma kwa karne kadhaa. Hayo yote ni kweli na ni makubwa kuliko miwani. Lakini hakuna ushahidi kwamba alivaa au kutengeneza miwani, na ukimpa kitu kisicho chake unawapa watu sababu ya kukitilia shaka na kile kilicho chake. Ile ya Marco Polo kuona miwani China vilevile, kitabu chake hakisemi neno juu ya miwani.

Turudi kwenye makumbusho sasa, maana vitu vyenyewe ndo vinanipa imani zaidi. Mwaka 1953 pale Wienhausen, Ujerumani, kwenye nyumba ya zamani ya masista, walifungua sakafu ya mbao ya sehemu ya kwaya wakakuta chini yake vitu vidogo vidogo vilivyodondoka kwenye nyufa kwa karne nyingi, na kati yake miwani ya mbao ya aina ya ribiti, yani vipande viwili vyenye mkono mfupi, kila kimoja na lenzi yake, vimeunganishwa kwa ribiti moja katikati ili vibane pua. Ni kati ya miwani ya zamani zaidi iliyobaki duniani, ya zama za akina Spina au vizazi vichache baada yao. Hamna jina juu yake, sista aliyeidondosha hatumjui, na bado ukiiangalia unajua kila kitu cha muhimu, ilivyoshikana, lenzi ilivyokaa, pua ilivyobanwa.

Picha nayo inafundisha lakini inataka tahadhari. Treviso, kaskazini mwa Italia, kwenye chumba cha mikutano cha Wadominiko (Wadominiko tena, na mi sioni kama ni bahati, wale ndugu walikuwa wanatembea na kusoma na kupelekeana vitu), Tommaso da Modena alichora ukutani 1352 picha 40 za watu wakubwa wa shirika lao. Mmoja, Kardinali Hugh wa Saint-Cher, amevaa miwani ya ribiti puani, na ndo picha ya zamani zaidi tunayoijua ya mtu amevaa miwani. Ila Hugh alifariki 1263, zaidi ya miaka ishirini kabla miwani haijapatikana. Mchoraji alimvalisha kwa sababu msomi wa 1352 alivaa miwani. Kwa hiyo ile picha ni ushahidi mzuri sana wa 1352 na ni ushahidi wa bure kabisa kuhusu Hugh, na mwongozaji wa makumbusho asipolisema hilo ameshazaa Salvino mwingine.

Nadhani mahali pa kulieleza hili vizuri ni Pieve di Cadore, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, ambako kuna Museo dell'Occhiale, makumbusho ya miwani peke yake. Bonde lile halidai kugundua chochote. Mwaka 1878 Angelo Frescura akaanzisha kiwanda cha miwani hapo karibu, Calalzo, baadaye kampuni ya miwani ya Safilo ikazaliwa hapo hapo 1934, na nyingine, Luxottica, ikaanza 1961 kule Agordo, mkoa huo huo wa Belluno. Mahali penye historia ya kazi namna hiyo hapana haja ya mgunduzi wa kusingiziwa. Mi ningeweka pale kabati moja la kisa hiki tu: sentensi ya Giordano, mistari ya watawa wa Pisa, ukurasa wa Del Migliore, makala ya Del Lungo, na pale kwenye jina la mgunduzi pabaki wazi, na chini yake Fra Alessandro kama mtu wa kwanza mwenye jina aliyeufundisha ulimwengu.

Na pabaki wazi kwa maana ya kutafutwa bado. Barua za Sforza zilikuwepo muda wote, zilikosa tu mtu wa kuzifungua. Tunayemtafuta ana alama kadhaa: fundi wa kioo, wa kristali au labda sonara, alianza kutengeneza baada ya 1286, alikataa kufundisha, kazi yake ilimfikia Alessandro pale Pisa, na kabla ya Februari 1306 alikutana na Giordano uso kwa uso. Wengi wanaishia Pisa na wana sababu nzuri. Lakini Giordano alisoma pia Bologna na Paris, kwa hiyo mtu akiingia kwenye madaftari ya manotari na ya vyama vya mafundi ya miaka ile, mi ningemwambia asianzie kwenye ukoo wowote wenye jina kubwa, aanze na njia aliyopita Giordano.